Kazi Moja, Wasaidizi Wawili

Nadira alikuwa ameinama akimimina chokaa kwenye mstari wa pembeni ya uwanja, aliposikia wasichana wake wamenyamaza ghafla. Wasichana wa timu ya chuo hawakuwa watu wa kunyamaza. Walipiga kelele wakikimbia, wakipumzika, hata wakinywa maji.

"Kocha," Idah, nahodha wao, akamwita kwa sauti ya chini. "Madam anakuja. Na ako na msee wa suti."

Nadira alijinyoosha mgongo. Mkuu wa chuo, Bi Magdalene, alikuwa akivuka nyasi kwa tahadhari, visigino vya viatu vyake vikizama kwenye udongo mwekundu. Nyuma yake alikuja mwanaume mrefu. Jua la alasiri lilikuwa mgongoni mwao, na kwa sababu hiyo Nadira hakuuona uso. Aliuona mwendo tu, ule mguu wa kulia unaochelewa kidogo kwa ajili ya goti lililoumia zamani uwanjani.

Moyo ukamruka. Uthman!

Uthman wake, ambaye Jumamosi tu alikuwa amekaa naye bustanini kwenye ile hoteli ya zamani kando ya maporomoko ya Chania, wakinywa chai polepole hadi mhudumu akaanza kuwaangalia vibaya. Uthman aliyekuwa akimtazama kana kwamba hakuna mtu mwingine Thika nzima. Alikuwa na siri siku ile. Alicheka peke yake, na alipoulizwa alisema, "Ngoja tu. Utafurahi."

Kumbe ni kuja kunitembelea kazini, Nadira akawaza, akipangusa mikono kwenye suruali yake ya mazoezi. Akaanza kutabasamu.

"Nadira," Bi Magdalene alisema akihema, "nimekuletea mgeni. Huyu ni Bwana Uthman Kisilu, kocha msaidizi wa wasichana kwenye chuo cha biashara kule Ruiru. Unajua Bwana Kagwe anastaafu muhula huu. Bodi imempenda sana huyu kijana. Mungu akijalia, ndiye atakuwa kocha wetu mkuu. Mwonyeshe uwanja, stoo, kila kitu. Mtafanya kazi pamoja, kwa hivyo ni vizuri mjuane mapema."

Tabasamu likabaki usoni mwa Nadira kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Tangu amalize masomo yake katika chuo hicho hicho, alikuwa msaidizi wa mzee Kagwe. Alipiga mipira pampu. Alishona jezi zilizopasuka. Aliwasihi wazazi wawaruhusu mabinti zao kucheza mpira wa miguu badala ya netiboli. Mwaka huu wote mgongo wa Kagwe ulipokuwa ukimsumbua, Nadira ndiye aliyepanga timu, na mzee alikaa kwenye kiti akitikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyetamka lolote, lakini wasichana walishaanza kumwita Kocha tu, bila "msaidizi". Naye usiku, kabla ya kulala, alikuwa akijisemea hilo neno moyoni, kwa woga, kama mtu anayejaribu nguo ya sikukuu kabla haijawa yake.

"Karibu, Bwana Kisilu," alisema. "Twende stoo."

*

Stoo ya michezo ilikuwa chumba kidogo cha mabati nyuma ya ukumbi. Nadira alifungua kufuli, akaingia, akageuka. Uthman alikuwa amesimama mlangoni, macho yakimng'aa.

"Sasa umeona?" alisema. "Nilikwambia utafurahi! Nadira, tutakuwa pamoja kila siku. Mimi na wewe, timu moja. Hakuna tena kungoja Jumamosi."

"Umekuja kuchukua kazi yangu."

Furaha ikamtoka usoni taratibu. "Kazi yako?"

"Kwani ulidhani ni ya nani?"

"Lakini... nilimuuliza Madam. Nilimuuliza kabisa, kuna mtu wa ndani anayeitaka? Akasema hapana."

"Na mimi uliniuliza?"

Uthman aliangalia kufuli lililokuwa likining'inia mlangoni.

"Miezi yote hii tunakaa pale Chania," Nadira aliendelea. "Tumeongea habari za goti lako, za mamako, za wachezaji wako wote, mpaka yule kipa wenu anayeogopa mpira. Hii moja tu ndiyo hukuniuliza."

"Na wewe hukuniambia!" Uthman alisema, naye sasa amepandwa na joto. "Hata siku moja, Nadira. Kila nikikuuliza unataka nini, unasema, mimi niko sawa tu. Ningejuaje?"

Maneno hayo yalimgonga mahali penye ukweli, na kwa sababu hiyo yalimuuma zaidi. Alimpa mgongo, akajifanya anapanga koni za mazoezi.

"Kwa nini lakini?" aliuliza bila kugeuka. "Ulikuwa ukiipenda timu yako. Ulisema hutaiacha."

Nje wasichana walikuwa wameanza tena kucheza, lakini kwa sauti za watu wanaosikiliza.

"Nilienda kumwona babako," Uthman alisema mwishowe.

Nadira akageuka upesi. "Ulienda wapi?"

"Buchani kwake. Wiki tatu zimepita. Nilitaka nijue kama naweza kuwaleta wazee wangu. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza kwetu, akafurahi kusikia tumewahi kusali msikiti mmoja. Halafu akauliza kazi. Nikamwambia kocha msaidizi. Akaweka kisu chini. Akasema, kijana, msaidizi ni mtu wa kubebea wengine mizigo. Binti yangu siwezi kumpa msaidizi. Rudi ukiwa na jina lako."

"Kwa hivyo ukaja kutafuta jina lako kwenye uwanja wangu."

"Nadira, nilikuja kukutafuta wewe!"

Alisogea hatua moja. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na Nadira, ambaye hakuwahi kumwona hivyo, nusura aupoteze ukali wake wote. Alitamani kuiweka mikono yake juu ya ile suti ya watu, ambayo bila shaka ameiazima, maana mikono ya koti ilikuwa mifupi. Lakini hakusogea.

"Nitajitoa," Uthman alisema. "Naenda ofisini sasa hivi namwambia Madam sitaki tena."

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukijitoa, watasema nilipewa kwa hisani ya mwanaume. Ukibaki, watasema nilinyimwa kwa ajili ya mwanaume. Umeniziba huku na huku, Uthman. Toka nje. Umeshaona stoo."

"Nadira..."

"Tafadhali. Tusionane kwanza."

Alitoka. Kupitia dirisha la stoo Nadira alimwona akivuka uwanja peke yake, akichechemea kuliko kawaida. Hakuangalia nyuma. Idah aliingia taratibu, akachukua koni mikononi mwake. Baadaye akauliza, "Kocha, huyo ndiye yule wa Ruiru?" Nadira akatikisa kichwa, ndiyo, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

*

Mzee Ahmad alikuwa akiosha mikono karaini, mlangoni mwa nyumba yao ya Majengo, binti yake alipofika. Alimtazama usoni, akajua kuna jambo.

"Baba, ulimfukuza Uthman."

"Sikumfukuza. Nilimpa kazi ya kufanya." Alijifuta mikono kwa kanga kuukuu. "Amekwambia?"

"Amekuja kuichukua kazi yangu ili wewe umkubali."

Mzee alikaa kwenye kigoda. Hakuwa mtu wa kufoka. Wateja wake walimpenda kwa kuwa alipima nyama huku akiwauliza habari za watoto wao kwa majina.

"Nadira mwanangu, keti. Unajua kabla ya bucha nilikuwa nani?"

"Taniboi. Wa lori za mananasi."

"Taniboi. Msaidizi wa dereva. Nilikuwa na mvi, bado naitwa 'wee'. Dereva akikosea njia, ni mimi. Tairi likipasuka, ni mimi. Tukifika salama, ni yeye. Mamako amelala njaa kwa ajili ya hilo neno msaidizi, na hakuwahi kunilaumu. Mimi ndiye nilijilaumu. Nikasema, mwanangu hataolewa na mtu wa kuitwa 'wee'."

Nadira hakuwa amewahi kumsikia babake akisema hivyo. Hasira yake ikapungua, lakini haikuisha.

"Baba, na mimi je? Mimi ni nani pale chuoni?"

"Wewe ni mwalimu wa michezo."

"Mimi ni msaidizi. Ni kazi ile ile kabisa anayofanya Uthman. Yeye ulimwona hana jina. Mimi uliniona na nini?"

Mzee Ahmad alitazama karai, akatazama mikono yake. "Wewe ni mwanamke," alisema, lakini bila nguvu, kama mtu anayejaribu jibu na kusikia halikai vizuri. "Nilidhani unacheza tu mpaka uolewe."

"Sichezi, Baba. Naitaka ile kazi. Naitaka mpaka naogopa kuitaja."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Mamake, aliyekuwa akipepeta mchele ndani, akaacha kupepeta.

"Umemwambia nani?" Mzee aliuliza.

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Haiya. Sasa mimi nitakusaidia nini? Bodi ya chuo ni yangu? Enda ukawaambie wenyewe."

*

Asubuhi yake Nadira alimkuta Bi Magdalene akimwagilia maua nje ya ofisi. Hakungoja kuingia ndani.

"Madam, nataka kuhojiwa. Kwa ile kazi ya kocha mkuu."

Mkuu wa chuo aliinua kopo la maji. "Ngai! Nadira, si ungesema? Miaka yote hii nilijua umeridhika. Bodi ilipouliza, nikawaambia Nadira ni mtoto wa hapa, hana maneno."

"Leo ninayo."

Bi Magdalene akamwagilia ua moja lililokwisha loa kabisa. "Nitasema ukweli. Kuna wazee kwenye bodi hawataki mwanamke kwenye kile kiti. Wanasema waamuzi watamkanyaga, makocha wengine watamcheka."

"Wanicheke. Lakini wanisikilize kwanza."

"Njoo Ijumaa," alisema Bi Magdalene. "Na uje na hiyo sauti yako ya leo. Usiiache nyumbani."

Siku zile mpaka Ijumaa zilikuwa ndefu. Uthman hakuja, hakupiga simu kwa jirani kama alivyozoea. Alifanya alivyoambiwa, na Nadira alimkasirikia kwa kutii. Kila gari la Ruiru lilipopita barabarani aliinua kichwa. Mchana alifundisha wasichana kona na faulo. Jioni alikaa kando ya mamake akichagua mchele ambao ulikuwa umekwisha chaguliwa, na mamake akamwacha.

Siku ya Ijumaa walikutana kwenye ukumbi mdogo nje ya chumba cha bodi. Uthman alikuwa amevaa ile ile suti. Walikaa kwenye benchi moja, nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Hukujitoa," Nadira alisema, akiangalia ukutani.

"Ulinikataza."

"Asante."

"Nimekuja kuishindania," alisema Uthman. "Sitajifanya mjinga humo ndani ili ushinde. Nikifanya hivyo hutanisamehe maisha yako yote."

Nadira alimgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya stoo, macho yao yalikutana na yakakaa hapo. Mlango ukafunguliwa, akaitwa yeye kwanza.

Aliongea. Baadaye hakukumbuka yote aliyosema, ila alikumbuka mzee mmoja wa bodi alipomuuliza atafanyaje akipata mume na watoto. Alijibu, "Bwana Kagwe ana watoto sita, na hamkuwahi kumuuliza." Bi Magdalene akakohoa kwenye leso yake. Kisha Uthman naye akaingia, akakaa humo muda mrefu sana.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye ua wa miiba ya kayaba uliozunguka chuo Bi Magdalene alipotoka na kumwita pembeni. "Wamegawanyika," alisema. "Wawili huku, wawili kule. Kura ya mwisho ilikuwa yangu. Umepata, Nadira. Ni msimu mmoja wa majaribio, usinishukuru sana. Ukishindwa, watanila mimi kwanza." Kisha akainamisha kichwa na kunong'ona, "Yule kijana wako, unajua alianzaje? Alisema, kabla hamjaniuliza lolote, mjue nampenda huyo aliyetoka sasa hivi, kwa hivyo msiniulize maoni yangu juu yake. Mzee wa bodi nusura aanguke kitini!"

*

Uthman alikuwa akimngoja langoni. Koti la suti lilikuwa mkononi, na tai imelegezwa. Alipomwona, alitabasamu, ila tabasamu lilikuja kwa kuchelewa kidogo, na Nadira aliliona hilo.

"Wameniambia," alisema. "Hongera, Kocha."

"Inauma?"

"Haiumi."

"Uthman."

Alicheka, akaangalia barabara. "Inauma. Sikujua itauma hivi. Nilikuwa naitaka kwa sababu ya babako, halafu nilipokaa mbele ya wale watu nikaanza kuitaka yenyewe. Nimeona timu nzima kichwani." Akalihamishia koti mkono wa pili. "Lakini nilipokuwa nje nilikusikia kupitia mlango. Ile sauti. Nikajiambia, kumbe huyu mtu sijamjua bado. Nataka kumjua. Nipe siku mbili tatu niuguze kidonda changu, halafu nitafurahi mpaka uchoke."

Nadira akasogea. Hawakuwa watu wa kushikana mikono barabarani, mbele ya wanafunzi na wauza njugu. Lakini alichukua lile koti mkononi mwake, akalikunja vizuri, akalikumbatia kifuani kana kwamba ndiye mwenyewe.

"Mimi pia nilikosa," alisema. "Nilitaka uyasome mwenyewe yaliyo moyoni mwangu. Kuanzia leo nitasema."

"Sema basi."

"Nakutaka wewe. Msaidizi hivyo hivyo."

Uthman alifumba macho kidogo. "Na babako nitamwambia nini? Alisema nirudi na jina."

"Mwambie ukweli. Mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo."

*

Walimkuta Mzee Ahmad sebuleni, ametoka kuoga, kanzu safi. Uthman alimsalimia kwa heshima, akaonyeshwa kiti. Nadira hakwenda jikoni kama desturi. Alikaa. Babake aliliona hilo.

"Kijana. Ile kazi uliipata?"

"Hapana, Mzee. Nilishindwa."

"Na nani?"

"Na binti yako."

Mzee Ahmad alimgeukia Nadira polepole. Midomo ilimcheza. Alikuwa akijaribu kukaa kama baba mkali, lakini fahari ilikuwa ikimpanda usoni na hakuweza kuizuia. "Wewe ndiye mkubwa pale sasa?"

"Kwa msimu mmoja, Baba. Baadaye tutaona."

"Alhamdulillahi," mzee alisema kwa sauti ndogo. Kisha akajikohoza na kumrudia Uthman. "Na wewe umerudi kwangu bado msaidizi."

"Ndiyo, Mzee. Labda mwakani nitapata mahali, labda sitapata. Sina ahadi ya kukupa juu ya hilo. Kuhusu Nadira ninayo."

Mzee alimpima kwa macho, kutoka viatu hadi kichwa. "Mimi nilipokuwa taniboi," alisema, "ningekuwa nimeshindwa kazi na mwanamke ninayemtaka, nisingeonyesha uso wangu kwake jioni ile ile. Ningekimbilia Mombasa." Akamgeukia binti yake. "Unamtaka?"

"Namtaka, Baba."

"Umesema haraka!"

"Nimejifunza juzi."

Huko jikoni mamake alicheka kwa sauti. Mzee Ahmad akapiga magoti yake viganja viwili, kama anavyofanya bei ikikubaliwa. "Basi. Waambie wazee wako waje Jumapili, baada ya Alasiri."

"Jumapili tuna mechi," walisema wote wawili pamoja.

"Mna mechi na nani?"

Uthman akamwangalia Nadira. Nadira akamwangalia Uthman. "Sisi kwa sisi," Nadira alisema. "Thika na Ruiru."

"Haiya!" Mzee alishika kichwa. "Sijawahi kuona mpira wa wasichana mimi. Nikija, nitakaa upande wa nani? Wa binti au wa mkwe?"

Mamake akatokea mlangoni na sinia ya chai. "Wewe utakaa upande wenye kivuli," alisema, "na utanyamaza. Wazee watakuja Jumatatu."

Uthman alipokea kikombe kwa mikono miwili. Kisha, mbele ya baba na mama, aliinua macho akamtazama Nadira moja kwa moja, bila kuyashusha, na hakuna mtu mle ndani aliyemkataza.